"Hakunipima Kitu"

Lalamiko hili utalisikia Mwanjelwa mjini Mbeya, utalisikia Kihesa mjini Iringa, utalisikia ndani ya Hiace ya kwenda Makambako: "Nimekaa foleni tangu asubuhi, dokta kaniuliza maswali kama polisi, halafu hakunipima kitu." Mlalamikaji huapa kwamba safari ijayo atakwenda kule wanakopima kila kitu. Na kule atatoka na karatasi yake: malaria wawili (ndio vimelea waliohesabiwa kwenye darubini), na Widal, kipimo cha homa ya matumbo, O 1:80, H 1:160. Anarudi nyumbani na bahasha ya dawa na roho imetulia.

Wanaodai vipimo wana hoja nzito. Dalili hudanganya, na humdanganya hata daktari mzoefu. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi. Madaktari waliwaandikia malaria asilimia 60.7 yao. Maabara ya utafiti ilipochunguza, malaria ndiyo iliyokuwa imewaangusha asilimia 1.6 tu. Miongoni mwa waliochunguzwa kwa magonjwa yatokayo kwa wanyama, zaidi kidogo ya robo walikuwa nayo: homa ya mgunda, homa zinazoletwa na kupe, homa ya Q, na brusela, ile inayotoka kwa mifugo na maziwa mabichi. Moshi si Mbeya, lakini baridi, ng'ombe na mazoea ya kuita kila homa malaria tunavyo pia huku.

Kuna na hili la Njombe, ambako maambukizi ya VVU kwa watu wazima yalifikia asilimia 12.7 katika utafiti wa kitaifa wa 2022-23, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Mtu mwenye kinga iliyoshuka akija na kichwa kinachomuuma wiki ya tatu, fangasi wa kriptokokasi anaweza kuwa tayari yumo kwenye utando wa ubongo. Kwa kumtazama tu huwezi kumjua. Tone la maji ya uti wa mgongo likichanganywa na wino mweusi na kuwekwa chini ya darubini, fangasi huyo anaonekana kama chembe iliyozungukwa na duara jeupe. Siku hizi kuna kijiti kinachotoa jibu ndani ya dakika kumi, hata kwa tone la damu. Anayesema hivyo vipimo ni anasa, hajauguza.

Sasa nije kwa dokta wa maswali, maana naona anasemwa vibaya bila haki.

Tuchukue mfano. Wagonjwa 1,000 wa homa wanapimwa ugonjwa adimu, tuseme brusela, na wenye ugonjwa kweli ni wawili. Kipimo ni kizuri: kinawanasa wote wawili, na kwa wasio nao kinakosea mara tano tu katika kila watu mia. Tano kwa mia inasikika ndogo. Lakini wasio na ugonjwa ni 998, kwa hiyo karibu 50 kati yao watasomeka chanya. Wamekabidhiwa karatasi za chanya watu 52, na wagonjwa wa kweli ndani yao ni wawili. Mashine haikuharibika, mteknolojia hakulala kazini, vitendanishi havikuisha muda. Watu hamsini wameanza dawa za ugonjwa wasio nao, na kilichowaumiza kweli kinaendelea.

Kipimo hichohicho kiweke sasa mkononi mwa tabibu aliyeuliza kwanza. Unaishi wapi? Unachunga? Maziwa mnachemsha? Jasho la usiku, je? Mgongo? Homa inakuja na kuondoka tangu lini? Kwa maswali hayo awachague watu 100 tu, wengi wao wafugaji wa bonde la Usangu au Pawaga, na tuseme 20 kati yao wana brusela kweli. Kipimo kitawanasa 20, kitawasingizia wanne. Ni kipimo kilekile, chenye kasoro ileile, ila safari hii karatasi ya chanya inaaminika. Maswali ndiyo yaliyoipa uzito. Hesabu hii haihitaji shahada, na bado hata wenye shahada huisahau.

Ndiyo maana Widal inaniudhi. Kipimo hicho ni cha mwaka 1896. Hakiangalii bakteria wa homa ya matumbo. Kinaangalia kingamwili, silaha ambazo mwili hutengeneza dhidi ya maambukizi, na kingamwili hubaki mwilini baada ya ugonjwa wa zamani, au hutokana na maambukizi mengine kabisa. Kuotesha damu ndiko kunakoonyesha mdudu mwenyewe, ingawa huchukua siku kadhaa na huwakosa wagonjwa wengi pia. Hata "malaria wawili" wa mtu aliyetoka Kyela jana wanaweza kuwa wapangaji wa kudumu tu, huku homa ikiletwa na kitu kingine. (Wale wa kukushikisha kijiti cha chuma kilichochomekwa kwenye kompyuta, wakakusomea hali ya ini na kongosho lako, siwahesabu hapa kabisa.)

Maswali nayo yanaweza kuulizwa vibaya. Chukua minyoo tegu ya nguruwe, tatizo linalojulikana Mbozi: mayai yake yakimezwa, lava wake wanaweza kufika kwenye ubongo, wakafanya uvimbe na kuleta kifafa. Tabibu mwenye haraka atauliza, "Kitimoto unakula?" Mama akijibu, "Sili," hoja inafungwa. Swali lenyewe limekosea. Kula nyama isiyoiva vizuri humpa mtu tegu tumboni. Uvimbe wa ubongoni hutokana na kumeza mayai yanayotoka kwenye choo cha mwenye tegu, kwa mikono, kwa maji, kwa mboga. Mlokole ambaye hajagusa nguruwe maisha yake yote anaweza kuupata. Tabibu anayejua huuliza nani anaishi naye, nani anapika, choo kikoje, nguruwe wanazurura? Kisha ndipo ampe rufaa ya CT scan, ambayo nauli yake pekee inaweza kumfanya mtu auze mbuzi. Na pratsikwanteli, dawa tunayogawiwa kwa kichocho, inaweza kumwamshia degedege mtu mwenye uvimbe huo, kwa hiyo swali linahitajika hata kabla ya kidonge.

Je, Moshi hainipingi? Wale madaktari waliuliza na bado wakakosea. Ni kweli, na siwezi kuizunguka hoja hiyo. Ila tazama jinsi homa ya mgunda inavyothibitishwa kwa njia ya kingamwili: damu ya kwanza, kisha damu ya pili wiki kadhaa baadaye, zilinganishwe. Jibu la namna hiyo huwafaa watafiti na wizara. Aliyelala kitandani leo anamtegemea mtu wa kuamua leo, na huyo ataamua vizuri zaidi akijua kwamba pale alipo malaria ni wachache na ng'ombe ni wengi.

Ningeanzia kwenye fomu ya maabara. Ina nafasi ya maelezo ya mgonjwa, na mara nyingi hapo huandikwa neno moja: homa. Chupa ya damu inasafirishwa kutoka wilayani hadi Mbeya na neno hilo moja. Brusela huota polepole, kwa hiyo bila onyo sampuli inaweza kutupwa mapema ikisomeka haina kitu. Ikiota, ni miongoni mwa bakteria wanaoongoza kwa kuambukiza wafanyakazi wa maabara, kwa njia ya hewa. "Mchungaji wa ng'ombe, maziwa mabichi, homa mwezi mmoja" yangetosha kumfanya mteknolojia aifungulie chupa hiyo ndani ya kabati la usalama badala ya mezani.