Kompyuta imechagua mgomba, sasa nani kaupika?

Juzi nilikaa kwenye semina moja hotelini hapa Arusha, zile za kiyoyozi na maji ya chupa, mtoa mada akatuwekea slaidi ya mgomba uliozungukwa na herufi za DNA. Akili mnemba, akasema, itatupatia mbegu zinazostahimili magonjwa kwa muda mfupi kuliko zamani. Kikwazo kilichobaki ni mkulima, "mgumu kubadilika". Ukumbi ukacheka. Mimi kwetu ni Machame, na huyo mkulima mgumu anayechekwa ni shangazi yangu.

Teknolojia yenyewe sina ugomvi nayo. Ndizi tunazokula hazina mbegu, kwa hiyo anayetaka kuzalisha aina mpya anachavusha maua kwa mkono, anaambulia vijimbegu vichache, anaviotesha kwenye chupa maabara, kisha anangoja migomba ikue, izae, iugue, ndipo ajue ipi imesimama. Aina za ndizi za TARIBAN zilizopitishwa hapa Tanzania mwaka 2021, zinazohimili sigatoka nyeusi, ugonjwa wa kuvu unaokausha majani, zimetokana na kazi ya NARO, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Uganda, na IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, iliyoanza miaka ya 1990. Hesabu mwenyewe. Na mnyauko fuzari haukungoji umalize utafiti. Unaona kisukari inageuka njano kingo za majani ya chini, siku si nyingi majani yamevunjika shingoni yananing'inia kuzunguka shina. Ukilikata unakuta michirizi ya kahawia inashuka mpaka kwenye kitako. Dawa hakuna, na kuvu wake anabaki ardhini miaka na miaka. Kompyuta ikiweza kusoma vinasaba vya mche ungali na majani mawili na kukisia utahimili au hautahimili, nani akatae?

Hata yale ya mbali yanavutia. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitumia AlphaFold, programu inayokisia umbo la protini (walioiunda walipewa Nobel ya kemia 2024), kurekebisha protini ambayo mmea huitumia kunusa bakteria, ili uwatambue hata wale waliojifunza kujificha. Mmoja wa bakteria wanaolengwa ni Ralstonia, huyuhuyu anayelaza nyanya zetu zikiwa kijani kibichi. Sawa. Nimepiga makofi.

Sasa turudi kwa shangazi.

Kompyuta hiyo ya kuchuja miche inajifunza kwenye jedwali. Mtu amepima migomba mamia: urefu, uzito wa mkungu, siku za kukomaa, alama za ugonjwa kwenye majani. Halafu vinasaba vya kila mmoja vinawekwa pembeni, mashine inatafuta kipi kinaendana na kipi. Ikishajifunza, inaletewa miche mipya na kuambiwa: chuja. Isiyofaa inatupwa ikiwa bado michanga kabisa. Inatupwa kwa vigezo vya nani? Vya jedwali. Kama kwenye jedwali hakuna safu ya chungu, yaani ya namna ndizi inavyopikika, basi mche ambao ungetoa mtori wa maana unaweza kuwa umekwenda jalalani kabla hata haujatoka kitalu, na hakuna atakayejua.

Shangazi aliwahi kupewa miche ya aina mpya, jina silitaji. Mkungu ulikuwa mkubwa kiasi cha kuwekewa nguzo mbili, majirani wakaja kuuangalia. Akamenya chane moja, akaloweka kwenye maji ndizi zisiwe nyeusi, akachemsha na nyama kama anavyofanya kwa mchare, ndizi yetu ya kupika. Nilikuwepo jikoni. Mwiko ukazunguka, ndizi zikakatika vipande, vipande vikabaki vipande. Akanigeukia: "Baba, hii inakataa kulainika." Mkungu uliobaki akaungojea uive, ukaenda kwenye mbege. Mwaka uliofuata mgomba ule ulikuwa umeng'olewa na mchare umerudi mahali pake. Huo ndio ugumu wa kubadilika mliokuwa mnaucheka.

Kagera wanaijua hadithi hii. Waliletewa FHIA, mbegu za Honduras, miaka ya 1990: mikungu minene, magonjwa yanahimiliwa, lakini kwenye sufuria ya Mhaya malalamiko ya ladha hayakuisha.

Mtaniambia watafiti siku hizi wanaonjesha. Haya, wanaonjesha, na hizo TARIBAN wakulima waliziona shambani na kuzila kabla hazijapitishwa. Lakini wanaonjesha mwishoni, zikiwa zimebaki chache zilizopita kwenye chujio. Mwonjaji anaitwa kuchagua kati ya walioitwa kwenye usaili, wakati mimi nauliza barua za maombi zilisomwa na nani. Kadiri mashine inavyochuja mapema na kwa kasi, ndivyo anayepika anavyotakiwa kuingia mapema. Ulaini baada ya kuchemshwa unapimika. Rangi inapimika. Utomvu unaoganda mikononi unapimika. Mpimeni mchare, mpimeni kitarasa, mwiteni mama anayepika aseme alama, mziingize humo kwenye jedwali mashine ijifunze na hilo.

Mengine nisirefushe. Nuru, ile programu ya simu inayotambua magonjwa ya mihogo kwa Kiswahili bila intaneti, ni kazi nzuri na haihitaji hotuba. Suala la GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa vinasaba maabara, ambalo Serikali ilisitisha majaribio yake mwaka 2018, lina wenyewe wa kulibishania.

IITA wako pale Tengeru kwenye chuo cha Nelson Mandela, na kutoka hapo mpaka Machame ni mwendo wa asubuhi moja kwa daladala za kuunganisha. Semina ijayo wamlete mama mmoja wa kihambani na sufuria yake, akae meza ya mbele, azungumze kabla ya slaidi. Na posho yake iwe sawasawa na ya mtoa mada.