Kila Nikilalamika, Raj Kapoor Ameshanitangulia

Mimi ni mtu wa kulalamika, wala sioni haya kulisema hilo, kwa sababu mshahara hautoshi, maji hayatoki na daladala hazisimami, hivyo manung'uniko ndiyo mali pekee niliyo nayo ambayo hakuna anayenidai. Lakini tangu baba mkwe wangu avuke bahari kutoka Unguja kuja Dar es Salaam kutibiwa macho, hata mali hiyo nimenyang'anywa. Alikuja kwa wiki 2, na huu ni mwezi wa 3. Daktari alimwonya asiyachoshe macho, naye akalifasiri onyo hilo kwa namna yake, kwamba zinazochosha macho ni picha za rangi, na kwamba picha nyeusi na nyeupe ni dawa. Basi kila siku baada ya sala ya Isha hutoa mfukoni mwa kanzu yake flashi moja ndogo iliyofungwa uzi mweusi, akanikabidhi kwa mikono miwili kama anayekabidhi hati ya nyumba, nami nikaichomeka kwenye televisheni niliyoinunua kwa mkopo ili nitazame mpira.

Ndani ya flashi hiyo hamna kitu kingine isipokuwa Raj Kapoor.

Kwa waliozaliwa juzi, huyu bwana alizaliwa Peshawar mwaka 1924, mtoto wa mwigizaji mkubwa Prithviraj Kapoor, na mwaka 1948, akiwa na miaka 23 tu, alikuwa ameshafungua kampuni yake ya filamu Bombay na kutoa picha yake ya kwanza, yeye mwenyewe akiwa steringi, mwongozaji na mwenye mali. Mimi nikiwa na miaka 23 nilikuwa bado nahangaikia cheti cha kuzaliwa. Baba mkwe anaapa kwamba enzi za ujana wake, Jumapili ikionyeshwa picha ya Raj pale sinema ya Majestic, Unguja nzima ilikuwa barabarani imevaa na kujitia manukato, na kwamba tiketi zikiisha watu wazima walirudi nyumbani wakiwa wamenuna. Simbishii. Mkwe hambishii baba wa mke wake, na hapo ndipo matatizo yangu yanapoanzia.

Siku ya kwanza nilimlalamikia juu ya mwenye nyumba wetu, ambaye anataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, tena anaidai kwa kusimama mlangoni na kuhema. Baba mkwe alinisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, kisha akaniambia, "Mwanangu, Raj alidaiwa kodi katika Anari, na wala hakupiga kelele kama wewe." Ikabidi tuitazame. Ni picha ya mwaka 1959, na Raj humo ni kijana mchoraji, mwaminifu kupita kiasi, asiye na kazi, anayepanga chumba kwa mama mmoja aitwaye Bibi D'Sa. Mama huyo anamfokea mchana kutwa juu ya kodi, lakini moyoni anampenda kama mwanawe wa kumzaa. Nilimweleza baba mkwe kwa adabu kwamba mwenye nyumba wetu naye hufoka hivyo hivyo, ila ule upande wa moyoni sijawahi kuuona. Akaniambia nisubiri. Nikasubiri, na kweli, yule mama akafa kwa dawa mbovu iliyotoka katika kiwanda cha tajiri, na Raj ndiye aliyeshikwa kwamba amemtilia sumu. "Umeona?" akasema baba mkwe, akinigusa goti. "Mwenye nyumba wako yu hai, mzima wa afya, na wewe huna kesi." Kwa picha hiyo ya kushindwa kulipa kodi Raj alipewa tuzo ya filamu ya India, Filmfare, ya mwigizaji bora. Mimi kwa kushindwa kulipa kodi nimepewa notisi.

Jambo la kiwanja nilikuwa nimekula yamini sitalitaja mbele yake, lakini mke wangu alilitaja wakati anapakua wali. Kuna dalali alinionyesha kiwanja kizuri nje ya mji, chenye mwembe na mawe ya mipaka, akachukua akiba yangu ya miaka 4, na baadaye ikaonekana kwamba mwembe ule alikuwa ameshawauzia watu wengine 5. Macho ya baba mkwe, yale yale yanayotibiwa, yaling'aa. Usiku huo tukatazama Shree 420 ya mwaka 1955, na sharti nikiri kwamba niliitazama huku nywele zikinisimama. Jina lenyewe linatokana na kifungu cha 420 cha sheria ya adhabu ya India iliyotumika hadi 2024, kilichohusu ulaghai, maana wenzetu matapeli waliwapa namba kabisa. Raj anaingia Bombay kwa miguu akiwa na shahada ya chuo kikuu na nishani ya uaminifu, na kitu cha kwanza anachofanya kwa njaa ni kwenda kuiweka rehani ile nishani. Baadaye anaangukia mikononi mwa matajiri wanaowaahidi walalahoi nyumba kwa rupia 100 kila mmoja, na watu wanaopanga foleni kutoa vijisenti vyao, wengine wametoka kulala kando ya barabara, wana sura ile ile niliyokuwa nayo mimi siku ninamhesabia dalali noti zangu chini ya mwembe.

"Basi mwaka 1955 ulikwisha kuambiwa," akasema baba mkwe.

Nikamkumbusha kwamba mwaka 1955 nilikuwa sijazaliwa. Akajibu kwamba hilo si kosa la Raj.

Katika picha hiyo hiyo upo ule wimbo wa mvuani, Raj na Nargis, mwigizaji mwenzake, chini ya mwavuli mmoja, watoto wake Raj mwenyewe wakipita njiani na makoti yao ya mvua, na kila mtu aliyeoa ameshawahi kudhani kwamba nyumbani kwake inawezekana. Siku ya mvua ya masika nilijaribu. Tulitembea hatua 10 hivi kuelekea kituoni, upepo ukaupindua mwavuli ukawa kama bakuli, na mke wangu akauchukua wote akisema kwamba mimi nimeshalowa, kwa hiyo haina haja tulowe wawili.

Lakini picha iliyotugombanisha, kama neno hilo linaruhusiwa kati ya mkwe na mkwe, ni Awara. Siku hiyo nilirudi kazini nimevimba kama andazi, kwa sababu nafasi ya usimamizi wa stoo, ambayo nimeikaimu miaka 2, ilikwenda kwa mpwa wa bosi, kijana ambaye hajui tofauti ya hati ya kupokelea mzigo na hati ya kuutoa. Baba mkwe akasema dawa yangu ni Awara, ya mwaka 1951, ambayo yeye aliiona utotoni iliporudishwa tena sinema, na ambayo hata kule Urusi mamilioni ya watu waliipenda. Humo yupo jaji anayeamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi na mtoto wa muungwana lazima awe muungwana. Anamfukuza mkewe mjamzito kwa kumshuku, na mtoto anayezaliwa, ambaye ni wa jaji huyo huyo, anakulia kwenye njaa na kuingia wizini. Kipo kipande kifupi ambacho sikukitarajia. Raj yuko gerezani, anapewa chapati, anaishika, anaitazama kwa muda, halafu anasema kwamba kama angeipata mapema huko nje, asingefika humo. Nilisahau bosi, nikasahau na mpwa wake, nikajikuta nimeishika ile chapati iliyokuwa mkononi mwangu bila ya kuitafuna.

"Sasa umefahamu," akasema baba mkwe. "Damu si kitu. Malezi ndiyo kila kitu."

Hapo ndipo nilipokosa adabu. Nilikuwa nimeyasoma majina ya wahusika mwanzoni mwa picha, na mengine nilikuwa nimeyatafuta kwenye simu kwa siri, hivyo nikamwambia, "Baba, niwie radhi. Huyo jaji anayesema damu ndiyo kila kitu ni Prithviraj Kapoor, baba yake Raj. Raj akiwa mtoto ameigizwa na Shashi Kapoor, mdogo wake. Na yule jaji mzee wa mwisho, anayeisikiliza kesi, ni babu yao. Picha nzima inatufundisha kwamba damu si kitu, na kila mwenye nafasi nzuri humo ni Kapoor. Sisi kazini tunaliita jambo hili undugunaizesheni." Kwa mara ya kwanza tangu afike nyumbani kwangu baba mkwe hakuwa na jibu. Aliomba chai. Ilipokuja akasema haina tangawizi.

Mungu naye hakutaka niufurahie ushindi huo, kwa sababu tulipofika kwenye ile ndoto maarufu, takriban dakika 9 za moshi, ngazi zinazopanda mbinguni, masanamu makubwa na Nargis aliye juu akimngoja Raj anayehangaika chini motoni, umeme ulikatika. Nilianza kunung'unika kwa raha zangu gizani. Nilipotulia nikasikia kwamba mzee anaendelea. Alikuwa anauimba wimbo wa ndoto ile kwa Kihindi, ubeti kwa ubeti, akipiga tarumbeta na ngoma kwa mdomo, na mke wangu kutoka jikoni akaitikia sehemu ya Nargis, jambo ambalo katika miaka 17 ya ndoa sikujua kwamba analiweza. Nilipouliza maneno yale maana yake ni nini, wote wawili wakasema hawajui.

Sangam ya 1964 nitaipita haraka, kwa kuwa ilikuwa ya rangi, na mzee aliitazama huku amefumba jicho moja kwa ajili ya maagizo ya daktari. Mera Naam Joker ya 1970 nayo inazidi saa 4 na ina mapumziko 2, na mtu anayeamka saa 10 alfajiri kuwahi daladala hapaswi kuonyeshwa kitu cha namna hiyo siku ya kazi. Nilichokipenda humo ni habari ya nje ya picha, kwamba Raj aliitengeneza kwa miaka 6, akaweka rehani mali zake, watu wakaikataa, naye akabaki na madeni mpaka Bobby ya 1973 ilipomwokoa. Nilipoambiwa hivyo nilimwona ni ndugu yangu, ila mimi Bobby yangu bado haijatoka.

Sasa nifike kwenye maji. Mtaani kwetu maji hutoka mara moja kwa wiki, tena usiku wa manane kama mchawi, na juzi ilikuwa wiki ya 2 hayajatoka kabisa. Nililalamika, nikiwa na hakika kwamba hapa Raj hana la kusema. Baba mkwe akaufungua ule uzi mweusi taratibu. Jagte Raho, 1956: mtu wa shamba anaingia mji wa Calcutta usiku, ana kiu, anaingia katika ua wa nyumba ya ghorofa kunywa maji ya bomba, na watu wanamfanya mwizi. Anakimbizwa usiku kucha kutoka chumba hiki kwenda kile, asiseme karibu neno lolote, na kila anapojificha anakuta wakazi wenye heshima zao wakifanya uovu wao, mmoja anamwibia mkewe vito akacheze kamari, wengine wanachapa noti bandia. Picha hiyo ilipata tuzo kuu katika tamasha la filamu la Karlovy Vary, kule Chekoslovakia, mwaka 1957. Nikalala nimeshindwa.

Saa 9 usiku nikasikia maji yakichuruzika kwa jirani wa nyuma. Niliruka na dumu la lita 20, kaptula na kandambili, nikapita uchochoroni, na nilikuwa nimeinama kwenye bomba lake ili kwanza nihakikishe yanatoka kabla ya kumwamsha mtu kumwomba, pale tochi iliponipiga usoni na mlinzi akaita, "Mwizi!" Milango ilifunguka yote. Walikuja na mafagio, mmoja na mwiko wa ugali, na aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa yule bwana ambaye mtaa mzima unajua kwamba amejiunganishia bomba kinyemela. Nilitaka kujieleza, sauti ikagoma. Nilisimama nimelikumbatia dumu langu mpaka nikaiona bakora ya baba mkwe ikitokeza uchochoroni, naye nyuma yake, amevaa msuli na koti la suti. Nilimshukuru Mungu, nikajua sasa atasema huyu ni mkwe wangu, mwacheni.

Aliinua bakora wakanyamaza. Akatutazama wote, dumu, bomba, tochi na mwiko, uso wake ukiwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona, kisha akasema, "Jamani, mwaka 1956 kulikuwa na picha moja."

Akawasimulia yote. Watu walianza kuegemea ukuta, wakakaa kwenye ndoo zao, na mlinzi akaizima tochi kuhifadhi betri, akauliza kama steringi anakufa. Mzee akamwambia asiwe na haraka. Alipofika mwisho, pale alfajiri inapoingia na Nargis, katika picha yake ya mwisho pamoja na Raj, anamteremshia yule mwenye kiu maji ya kunywa, adhana ilikuwa inasikika, na mama mwenye bomba, machozi yakimlengalenga, akalichukua dumu langu akalijaza mwenyewe. Kisha akaniambia ni shilingi 500. Nilikuwa na noti ya 10,000, naye hakuwa na chenji, basi akabaki nayo mpaka tutakapoonana.

"Nargis hakuchukua pesa," akanong'ona baba mkwe tulipokuwa tunarudi, mimi na dumu begani, yeye na bakora yake mbele. Tulipofika nyumbani akaliomba dumu ili atie udhu, akaona ni vyema na kuoga kabisa, na alipotoka bafuni akanikabidhi likiwa tupu, kwa mikono miwili.