Oliver Queen: Alikomaa au Alizeeka Tu?

Niliingia kunyoa katika saluni moja ya Nkuhungu, hapa Dodoma, nikakaa saa tatu. Waliokuwa wakisubiri zamu walikuwa wanabishana kuhusu Arrow, ile tamthilia ya Kimarekani iliyoanza Oktoba 2012 na kumalizika Januari 2020, sizoni nane, epsodi 170. Oliver Queen, kijana wa kitajiri, boti ya baba yake inazama, anahesabiwa marehemu kwa miaka mitano, kisha anarudi Starling City na upinde, pamoja na orodha ya majina aliyoachiwa na baba yake, anaanza kuwawinda wenye majina hayo mmoja mmoja. Ubishi ulikuwa juu ya jambo moja: huyu stelingi alikomaa, au alizeeka tu?

Aliyeuanzisha ni fundi simu mwenye banda lake hapo jirani, na hoja zake alizipanga kama mtu aliyekaa nazo siku nyingi. Oliver, alisema, ana kosa moja: kuficha. Sizoni ya tatu anajifanya amejiunga na kundi la wauaji la Ra's al Ghul bila kuwaambia wenzake wa karibu, hadi anamteka Lyla, mke wa rafiki yake John Diggle. Sizoni ya nne anagundua ana mtoto, William, anamficha Felicity, mchumba wake, na uchumba unavunjika. Sizoni ya sita, mtu mzima, meya wa jiji, anawapeleleza kisirisiri vijana wa timu yake mwenyewe, nao wanamkimbia. "Kosa lilelile, msamaha uleule. Mwalimu, huko kukomaa kuko wapi?"

Aliyemjibu ni dada mmoja anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, alikuwa amemleta mdogo wake kunyolewa. Alimtaka fundi arudi mwanzo. Katika epsodi ya kwanza kabisa Oliver anamvunja mtu shingo kwa sababu tu amejua siri yake. Rafiki yake Tommy Merlyn anakufa mwishoni mwa sizoni ya kwanza akiwa amemhesabu Oliver kuwa muuaji, na ni kwa heshima ya Tommy kwamba Oliver anaapa kutoua tena. Mtu huyohuyo, mwishoni mwa sizoni ya sita, anasimama mbele ya kamera, anatangaza kwamba yeye ndiye Green Arrow, yule mpiga mishale aliyejificha nyuma ya kofia, anaingia gerezani kwa miguu yake. "Yule wa epsodi ya kwanza alimuua mtu ili siri isitoke," alisema, "huyu anaitoa mwenyewe kwa dunia nzima. Unataka abadilike vipi tena, kaka?"

Nafundisha Kiswahili sekondari, kwa hiyo nilisikia somo langu la fasihi likijadiliwa na watu wenye povu la sabuni shingoni. Tunawaambia wanafunzi kwamba mhusika bapa habadiliki, mhusika duara hubadilika kulingana na mazingira, kisha tunawapa mtihani. Fundi alikuwa anasema Oliver ni bapa, dada anasema ni duara, na wote wawili walikuwa na ushahidi wa kutosha kupata alama zote. Hapo niliona kwamba tunalifundisha jambo hili kwa wepesi mno. Mtu anaweza kubadilika sana na bado akarudia kosa lake. Walevi walioacha pombe, na wazazi wao, wanalijua hili kuliko sisi walimu.

Mimi naegemea upande wa dada, ila si kwa sababu alizozitoa yeye. Kiapo cha kutoua hakinishawishi sana. Kile kilikuwa sheria aliyojiwekea, na sheria anaivunja mapema tu katika sizoni ya pili, anapomuua Count, muuza dawa ya kulevya iitwayo Vertigo, ili kumwokoa Felicity. Baadaye anamuua Damien Darhk, adui mkuu wa sizoni ya nne, hadharani. Kama kipimo ni mwenendo, fundi ameshinda.

Kwangu mimi uzito wa hadithi nzima umelala katika sizoni ya tano. Adui wa safari hii, Adrian Chase anayejiita Prometheus, ni mtoto wa mtu aliyeuawa na Oliver katika mwaka ule wa kwanza wa orodha. Hataki fedha wala jiji. Anamfungia Oliver siku kadhaa, anamtesa, anadai jambo moja tu: akiri siri yake. Oliver anadhani siri hiyo ni jambo alilofanya, kumbe ni jambo analolihisi. Mwishowe analitamka: aliua kwa sababu alitaka kuua, na alifurahia. Akiachiwa anarudi kwa wenzake na kuwaambia kazi hii imekwisha, anaifunga. Kwa sizoni nne tulikuwa tumeambiwa, na yeye mwenyewe akiamini, kwamba anaua kwa ajili ya baba yake, kwa ajili ya jiji, kwa ajili ya orodha. Sasa kila mshale wa mwaka ule inabidi tuutazame upya. Waandishi walichukua dosari ya sizoni ya kwanza, ule wepesi wa kuua uliowakera baadhi ya watazamaji, wakaifanya deni linalolipwa miaka minne baadaye. Mhusika bapa hawezi kufanyiwa hivyo, kwa kuwa ndani yake hamna mahali pa kuficha kitu hata yeye mwenyewe asikijue.

Lakini fundi ana haki ya kuchoka, na nadhani uchovu wake umechangiwa na namna tunavyotazama. Sizoni sita za mwanzo zina epsodi 23 kila moja. Marekani zilionyeshwa moja kwa wiki, kuanzia Oktoba hadi Mei, na mtazamaji aliyekosa wiki mbili alihitaji kukumbushwa nani anamficha nani kitu gani. Sisi tunarushiwa sizoni nzima kwenye flashi na kuimaliza Ijumaa hadi Jumapili. Ukila chakula cha miezi minane kwa siku tatu, utasema chumvi imezidi. Kisha wengi wetu tumeiona ikiwa imetafsiriwa, sauti ya msimulizi wetu ikiwa juu ya sauti za waigizaji. Nawapenda wasimulizi hawa, wamewafungulia milango wazazi wetu wasiojua Kiingereza. Ila Oliver anavyoigizwa na Stephen Amell ni mtu wa kunyamaza, na mabadiliko yake mengi yamo katika ule ukimya kabla hajajibu. Ukimya ukijazwa maneno, anabaki mpiga mishale.

Kuna jambo jingine linalotuvuta upande wa fundi. Mashujaa tuliorithi hawabadiliki, wanajaribiwa. Fumo Liyongo anaingia gerezani akiwa Liyongo, anatoka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate akiwa Liyongo yuleyule, na anapochomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe tunalia kwa sababu hakubadilika hata kidogo. Mtazamaji aliyelelewa na hadithi hizo anamtaka stelingi asimame. Anayeyumba anaonekana dhaifu.

Mahali ambapo nilishindwa kabisa ni kwa Laurel Lance, mpenzi wa zamani wa Oliver. Katika vitabu vya katuni vilivyozaa tamthilia hii, Dinah Laurel Lance ndiye Black Canary, shujaa wa kike anayepambana na wahalifu. Kwenye tamthilia anaanza kama mwanasheria, anazama kwenye pombe na vidonge baada ya kifo cha Tommy, anapanda taratibu, na dada yake Sara anapouawa mwanzoni mwa sizoni ya tatu anaivaa kazi ya Sara ya kupambana na wahalifu akiwa hajui kupigana, anapigwa, anajifunza. Ni safari iliyojengwa kwa jasho. Sizoni ya nne Darhk anamchoma mshale na anafariki. Mwigizaji wake, Katie Cassidy, akarudishwa kama Laurel wa dunia nyingine, Black Siren, muuaji anayejirekebisha polepole. Nilimwambia fundi kwamba huyo wa pili ameandikwa vizuri, pengine vizuri kuliko wa kwanza, na bado nadhani hivyo.

Dada wa UDOM, ambaye muda wote alikuwa upande wangu, alinigeuka hapo. "Mwalimu, wewe unampima Oliver kwa kile alichokiri sizoni ya tano, baada ya kuteswa. Laurel alikiri ulevi wake sizoni ya pili, akaanza kwenda kwenye vikao vya walioamua kuacha pombe, na hakuna aliyemfunga kamba. Kwa kipimo chako mwenyewe, si yeye ndiye aliyetangulia kukomaa?"

Kinyozi aliita zamu yangu. Nilikaa kwenye kiti nikiwa nimekubali.