Bonasi ya benki inatozwa kodi, pointi za kadi hazitozwi: mbona iwe hivyo?

Kila mwaka ikifika Januari, Februari hivi, fomu za 1099 (zile ambazo anayekulipa anaripoti kwa mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS) zikianza kuingia, watu wanaofukuzia ofa za mtandaoni kule Marekani wanakuwa na lalamiko lile lile: nimefungua akaunti, benki ikanipa bonasi ya dola 300, sasa wameiripoti IRS kama riba, wakati mwenzangu kapata pointi za kadi ya mkopo, zile unazopewa kwa kununua vitu kwa kadi, za thamani mara mbili ya hiyo na hakuna hata aliyemuuliza. Hasira hiyo naielewa kabisa. Ila kwenye mjadala huu upande mmoja unasikika sana, na ule mwingine, wa sheria yenyewe, haupewi hata nafasi ya kujieleza, watu wanarukia moja kwa moja kwenye serikali inakamua wadogo.

Kuna kesi mbili ambazo kwangu zinaeleza kila kitu. Ya kwanza iliamuliwa na Mahakama ya Kodi ya Marekani 2014. Mteja wa Citibank alipewa pointi 50,000 kwa sababu ya kufungua akaunti, akazitumia kukata tiketi ya ndege, benki ikaripoti kwamba amepata kipato cha dola 668, yeye hakukiweka kwenye ritani, akashindwa kesi. Ya pili ni ya 2021. Mume na mke walikuwa na kadi ya American Express inayorudisha asilimia 5 kwenye manunuzi ya supamaketi na maduka ya dawa ukishapita kiwango fulani cha matumizi, wakawa wananunua kadi za zawadi za Visa (kadi za dukani zenye hela ndani yake) kwa wingi, wanazigeuza kuwa moni oda (hati ya malipo unayoweza kuiweka benki), moni oda inaenda benki, hela ile ile inalipa deni la kadi, mzunguko unaanza tena. Kwa 2013 na 2014 walivuna zaidi ya dola 300,000. Mahakama ikasema sehemu kubwa ya hela hiyo sio kipato.

Yaani dola 668 zinatozwa, halafu kwenye laki tatu na ushee sehemu kubwa inaachwa. Ukiishia hapo lazima uone uonevu, na wengi ndipo wanapoishia. Ila kwenye hiyo kesi ya pili kuna kitu ambacho watu hawakitaji: wale wanandoa hawakushinda kila kitu. Kuna siku walitumia kadi kununua moni oda moja kwa moja, bila kupitia kadi ya zawadi, na zawadi ya manunuzi hayo mahakama ikasema ni kipato, lipeni kodi. Watu wale wale, kadi ile ile. Tofauti ni kwamba kadi ya zawadi ni bidhaa, umeinunua dukani na ina bei yake, kwa hiyo kile ulichorudishiwa ni bei imepungua, lakini moni oda ni hela tu imebadilishwa umbo, hakuna kilichonunuliwa, basi hakuna bei ya kupunguza.

Hapo ndipo kwenye mantiki yote. Muuza duka akikuuzia kitu cha 100 kwa 95 hakuna anayesema umeingiza 5, umelipa pungufu basi. IRS wamekuwa na msimamo huo tangu 1976, walipoamua kwamba hela ambayo kiwanda cha magari kinamrudishia mnunuzi ni punguzo la bei na sio kipato. Pointi za kadi zimepita mlango huo huo. Bonasi ya benki haiwezi kupita hapo kwa sababu hujanunua kitu, umeweka hela yako kwao nao wamekulipa kwa hilo, na malipo ya kuweka hela benki tumezoea wote kuyaita riba. Kwa hiyo swali la kodi sio umepata shilingapi wala wewe ni nani, swali ni ulifanya nini ili uipate. Mimi naona hii ni haki kuliko inavyosemwa, maana mtu mwenye ajira akipata dola 300 za ziada kazini zinatozwa zote, sasa kwa nini 300 za kufungua akaunti ziachwe?

Ndio maana wanaoweka rekodi ya ofa kwenye shiti ya Excel wakiandika jina la benki na kiasi tu wanakosa safu iliyo muhimu kuliko zote, ile ya sharti. "Tumia dola 3,000 ndani ya miezi mitatu" ni punguzo. "Mshahara uingie kwenye akaunti" ni kipato. "Mlete rafiki" ni kipato pia, na kuna benki zinakutumia fomu kwa hilo hata kama zawadi yenyewe ni pointi za kadi ambazo kwa kawaida hazitozwi, watu wengi wanashangaa hapo. Halafu tarehe inayohesabika ni ya bonasi kuingia, sio ya kufungua akaunti, ukifungua Novemba ikaingia Februari hiyo ni ya ritani ya mwaka unaofuata. Na ukurasa wa ofa upige skrinshoti siku ile ile, ofa ikiisha ukurasa unaondolewa na masharti yanaenda nao.

Upande wa walalamikaji nao una hoja, tena nzito. Akaunti inaweza kukukata ada kila mwezi wakati unasubiri bonasi, na kwa mtu binafsi ada hiyo haina pa kuitoa kwenye ritani, makato ya aina hiyo yalisimamishwa kuanzia 2018 na sheria iliyosainiwa Julai 2025 ikayafuta kabisa. Kwa hiyo unaweza kutozwa kodi juu ya dola zote 300 wakati mkononi zimebaki 240. Kwenye ofa za kubeti ni mbaya zaidi, sheria hiyo hiyo imesema kuanzia 2026 hasara unaruhusiwa kutoa asilimia 90 tu, maana yake aliyeshinda 10,000 na kupoteza 10,000 anadaiwa kodi juu ya kipato cha 1,000 ambacho hajawahi kukiona. Hapo mimi siwezi kuitetea sheria, kutoza hela isiyokuwepo hakuna maelezo.

Ila msichanganye hilo na fomu. Sheria ya 2025 imepandisha kiwango cha kutuma 1099-MISC, fomu ya mapato mengineyo, kutoka dola 600 hadi 2,000 kwa malipo ya kuanzia 2026, na tayari kuna watu wanasema chini ya 2,000 sasa ni bure. Sio bure. Kiwango ni cha anayelipa, kinamwambia lini atume fomu, kipato chako kinabaki kipato fomu ije isije. Na bonasi ya benki iliyoripotiwa kama riba inaenda kwa 1099-INT, ambayo kiwango chake ni dola 10 tu na hakijaguswa.

Linalobaki kunisumbua ni thamani. Kwenye ile kesi ya 2014 hesabu iliyotumika ni ya benki, 668, mahakama ikaenda nayo. Tiketi ile ile kwenye tovuti ya shirika la ndege siku ile ilikuwa inauzwa bei gani? Anayekomboa pointi alizopewa kwa kufungua akaunti aandike bei hiyo siku anayokomboa, fomu ikija na namba kubwa kuliko hiyo awe na kitu cha kuwapelekea benki akiwaomba warekebishe.