"Kubali zote" inang'aa, "kataa" imefichwa

Nimechoka na hivi vidakuzi (cookies), vile vipande vidogo vya data ambavyo tovuti huhifadhi kwenye simu au kompyuta yako, na maombi yao ya ruhusa. Jana nilitaka tu kuangalia bei ya mbolea, tovuti ikanizibia skrini nzima: "Kubali zote", kitufe kikubwa cha kijani. Cha kukataa hakionekani. Nikaingia kwenye mipangilio, nikashuka orodha ndefu ya makampuni nisiyoyajua, nikazima moja baada ya jingine huku bando likiisha.

Wengi hudhani vidakuzi ndivyo vinavyojaza kompyuta. Sivyo. Kimoja hakizidi kilobaiti 4 hivi. Kinachokula nafasi ni kashe, yaani picha na mafaili ambayo kivinjari hujiwekea. Kinachoniuma mimi ni faragha. Mhandisi Lou Montulli alipobuni vidakuzi mwaka 1994 akiwa Netscape, kampuni ya kivinjari, lengo lilikuwa tovuti ikukumbuke, kikapu chako cha manunuzi kisipotee. Leo kampuni ya matangazo usiyowahi hata kuisikia inavitumia kukufuata tovuti hadi tovuti. Asubuhi unasoma kuhusu kisukari, jioni unatangaziwa dawa. Ugonjwa wangu unawahusu nini?

Huko Ufaransa, CNIL, mamlaka ya kulinda data binafsi, ilitangaza Januari 2022 kuitoza Google faini ya euro milioni 150, kwa kuwa kukataa vidakuzi kulikuwa kugumu kuliko kuvikubali. Na sisi tuwekewe kitufe cha kukataa palepale, kwa ukubwa uleule.