Vitunda Pacha Katika Ufunguzi: Gharama na Malipo Yake

Mchezaji wa sataranji hufundishwa mapema kwamba vitunda (kete ndogo kabisa) pacha, yaani viwili vya rangi moja vilivyo katika safu moja ya wima, ni kasoro, kwa kuwa haviwezi kulindana na cha mbele hukizibia njia cha nyuma. Fundisho hilo ni sahihi, ila halielezi kwa nini mabingwa huvikubali kwa hiari.

Tuanze na ufunguzi wa Kihispania, pale askofu wa Nyeupe anapomla farasi wa c6 (herufi hutaja safu ya wima, namba mstari wa mlalo) katika hatua ya 4 na Nyeusi kujibu kwa kitunda cha d. Nyeusi hupata maaskofu wawili na njia pana kwa malkia wake. Gharama yake hujitokeza baadaye: Nyeupe ikibadilisha kitunda chake cha d kwa kile cha e cha Nyeusi, hubaki na vitunda 4 dhidi ya 3 upande wa mfalme na inaweza kupata kitunda huru (kisicho na kitunda cha mpinzani cha kukizuia), ilhali vinne vya Nyeusi upande wa pili, kwa sababu ya upacha wao, huzuiwa na vitatu. Anayependa kubadilishana kete kila apatapo nafasi angeepuka mpangilio huu, maana atamfanyia mpinzani kazi yake. Hata hivyo, katika pambano la ubingwa wa dunia, London mwaka 2000, Kramnik aliukubali upacha wa aina hiyo katika ulinzi wa Berlin, jibu mojawapo la Nyeusi kwa Kihispania, malkia wakatoka mapema, na Kasparov, bingwa wa wakati huo, hakushinda hata mchezo mmoja katika pambano zima.

Katika Nimzo-Indian, ulinzi ambao askofu wa Nyeusi humla farasi wa c3, mwenye pacha ni Nyeupe, na hapa ndipo ninapoona kiini cha suala. Maaskofu wawili wana thamani iwapo ubao utafunguka, yaani vitunda visipowazibia njia. Katika mchezo wa 5 wa pambano la ubingwa wa dunia la Reykjavik, 1972, Fischer, akicheza Nyeusi dhidi ya Spassky, alimtoa askofu wake kwa farasi wa c3, kisha akaufunga ubao. Maaskofu wa Spassky wakakosa pa kwenda, naye akasalimu amri katika hatua ya 27. Kinyume chake, mwaka 1938 Capablanca, akicheza Nyeusi, alisogeza kitunda chake d5 na kumruhusu Botvinnik abadilishe kitunda cha c4: upacha ukatoweka, faida ya maaskofu wawili ikabaki, na Botvinnik akashinda. Kwa hiyo, kabla ya kuukubali upacha, mimi hutazama kwanza ni nani mwenye uwezo wa kuufunga ubao. Idadi ya maaskofu huihesabu baadaye.