Bendera yetu iko juu mno kwa mtoto

Hapa Denmark mtoto akitimiza mwaka anawekewa bendera mezani. Kwenye keki bendera, kwenye kadi ya mwaliko bendera, na mwenye uwanja anaipandisha mlingotini eti kwa kuwa bibi kafikisha miaka 70. Mwanzoni jambo hili lilinikera. Mimi niliyekulia Tanzania, nikisimama tuli barabarani jioni bendera ikishushwa kituo cha polisi, leo naiona imechomekwa kwenye krimu!

Juzi mwanangu karudi na karatasi kutoka darasa la awali. Mwalimu aliwaambia kila mmoja atengeneze bendera ya kwao na aandike sentensi moja chini yake. Watoto wa Kidenishi walimaliza mapema: msalaba mweupe kwenye karatasi nyekundu, basi. Wangu kahangaika na ule mkanda mweusi wa mshazari. Kaukata mfupi, kauunga kipande, gundi imevuja hadi kwenye bluu. Chini kaandika, herufi zikipandana: "Nyeusi ni bibi na mimi."

Sasa mchukue wa umri wake huko nyumbani. Muulize rangi, atakuimbia mikono nyuma, bila kupumua: kijani uoto, njano madini, nyeusi watu, bluu maji. Vema! Mpe penseli aichore. Mkanda utashuka badala ya kupanda, na ile mistari miwili ya njano utaitafuta.

Najua mtakavyosema. "Huyu kaonja jibini, sasa anatudharau." Jamani, dawati letu tulikaa wanne, sihadithiwi. "Darasa la watoto 80, mkasi utoke wapi?" Nani kataja mkasi? Mwalimu akate maboksi ya dukani kwa wembe wake. Nyeusi ni mkaa. Kijani ponda majani ya kisamvu, njano ni bizari, bluu ni ile ya kufulia nguo nyeupe. Vidole ndivyo brashi. Anayeweza kuumba gari la udongo lenye magurudumu manne atashindwa hili?

Tena sisi ndio wenye somo tamu. Wenzetu hawa wanawasimulia watoto kwamba bendera yao ilidondoka kutoka mbinguni vitani Estonia, mwaka 1219. Yetu ilikatwa na kuungwa na watu wenye akili zao, 1964: kijani na nyeusi yenye kingo za dhahabu tayari zilikuwa kwenye bendera ya Tanganyika, bluu ikaingia kutoka ya Zanzibar. Mpe mtoto vipande viwili vya karatasi avigandishe kwa mshazari, umemfundisha Muungano kabla hajajua kuutamka. (Wa kunijia na hoja ya serikali mbili au tatu asubiri, nazungumzia gundi hapa.)

Halafu yupo yule wa heshima: "Bendera ya taifa si ya kuchezea, karatasi itaanguka ikanyagwe." Heshima hiyo mbona haijafika ofisi za kata? Bendera inapauka hadi kijani hukijui, ncha imechanika nyuzi nyuzi, na mheshimiwa anapita chini yake kila asubuhi na mkoba wake. Hapo kimya. Mtoto akiipaka mkaa ndipo mnakumbuka sheria.